Kaburi la Shati

Honi ya lori la manamba bado iko masikioni mwangu, mwanangu. Siku moja pale Makambako ililia kwa kirefu, kama ng'ombe aliyeachwa peke yake kwenye ukungu, na vijana wetu wakapanda kwenda mashamba ya mkonge Tanga. Mmoja wao alikuwa Tulinagwe, mtoto wa jirani yetu kijijini Kichiwa, aliyekuwa akichechemea.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Wenzangu waliota kuolewa na karani. Mimi, usicheke, niliota kuandika hadithi za kutisha. Basi nikatunga moja ya lori lisilo na dereva, linalonyonya damu ya abiria wake. Wa kwanza kufa nilimfanya kijana anayechechemea. Gazeti la misheni likaichapa, nami nikatembea kijijini kifua mbele.

Jumapili mwalimu akaisoma kwa sauti nje ya kanisa. Watu wazima walisogeleana, watoto wakashika nguo za mama zao. Nilifurahi, sikufichi. Sikumtazama Mama Tulinagwe.

Kesho yake bibi akaniita kwa jina langu zima, jambo alilolifanya akikasirika tu.

"Umepita kwa jirani?"

"Bado, bibi."

"Kapite. Wanachimba."

Katika ukoo wao, mtu akifia mbali huzikwa nguo yake, ili roho isitangetange. Nilimkuta mama yule ameketi kando ya shimo, shati la mwanawe limekunjwa mapajani. Shemeji yake alikuwa ameshika jembe.

"Mama, ile ni hadithi tu. Nimeitunga mimi."

Yule shemeji akaguna. "Kabinti haka! Gazeti la wachungaji lichape uongo?"

"Ni mimi, baba mdogo. Lori lile halipo."

Mama akaniinulia macho. "Kwa hiyo mwanangu yu hai?"

Nikasema, "Sijui, mama. Nilichojua ni mwendo wake tu, nikauchukua."

Aliinuka kando ya shimo. Kisha akalikunjua lile shati, akalivaa juu ya gauni lake, akaingia ndani.

Nilidhani bibi atanikataza kalamu. Hakunikataza. Alisema, "Kutisha watu ni kazi, ifanye. Lakini kabla hujamwua mtu kwenye karatasi, mtafute kwanza mama yake."

Nimeandika miaka mingi tangu hapo. Mizimu yangu imesomwa kuanzia Njombe mjini hadi kule Iwawa kwenye baridi, na wapo wasiothubutu kwenda chooni peke yao kwa ajili yangu. Lakini marehemu wangu wote niliwapa mwendo ambao hakuna mama anayeujua.

Nawe unayetaka kalamu, mwanangu, ota bila kuogopa. Watishe watu, maana hofu ya hadithi huisha na watu hurudi kwenye viazi vyao. Ila usichukue jeraha la mtu aliye karibu ukalifanya pambo, na ukishalichukua, nenda kwake mwenyewe ukaseme. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mzito, na nyumba utakazoziingia kwa maneno yako zibaki na watu wake.

Jioni ile, wote walipokwisha kuingia kuota moto, nilichukua jembe, nikalifukia lile shimo tupu peke yangu.