Tomie Narumi na kadi zinazosubiri sakitu

Saa kumi na moja alfajiri, Tomie Narumi anafungua mlango wa kibaraza cha nyuma akiwa amevaa makoti mawili na soksi za mumewe. Juu ya meza ndefu zimepangwa trei za bati, na ndani ya kila trei kuna kadi zilizolowa rangi ya buluu. Anainama na kuzitazama kwa upande, kama mtu anayetafuta mkwaruzo kwenye kioo.

Rangi bado ni maji.

“Nyuzi moja tu chini ya sifuri,” anasema mumewe, Seiichi, kutoka jikoni, bila kuulizwa. “Hapo hata maji ya kuku hayagandi, mama.”

“Nimeona, baba. Macho ninayo.”

Anachukua sponji na kuanza kunyonya rangi, kadi moja baada ya nyingine. Karatasi nzuri huvumilia kufutwa mara tatu. Hii ni mara ya pili.

Hiyo ilikuwa katikati ya Januari mwaka huu, na kadi zile zilikuwa na tarehe ya mwisho isiyoweza kusogezwa.

Tomie ana umri wa miaka 61. Anaishi Okuzawa, kijiji cha wakulima wa matufaha chini ya Mlima Iwaki, kaskazini mwa Japani, ambako mchana hufanya kazi kwenye ghala la kufungashia matunda. Kwa miaka ishirini sasa, jioni zake amezitumia kuchora mandhari ya baridi kwa rangi za maji kwenye kadi za salamu. Kadi moja anaiuza yeni 400, bei ya bakuli la tambi pale stesheni. Kazi hiyo humpa takriban robo ya kipato chake cha mwaka, na robo hiyo inapungua.

“Zamani nilikuwa na wateja mia mbili. Sasa hawafiki sabini,” anasema. “Wengine wamezeeka, wengine wamenunua simu. Wengine wamefanya yote mawili.”

Tomie hachori theluji. Theluji ni karatasi aliyoiacha wazi. Anachochora ni anga, vivuli, na misonobari iliyoinama kwa uzito. Kisha, rangi ikiwa bado mbichi, huitoa kadi nje. Baridi ikifika nyuzi saba chini ya sifuri, maji yaliyo kwenye rangi huganda, chembe za barafu huisukuma rangi pembeni, na kwenye karatasi hubaki alama ya sakitu, ule umande ulioganda, mfano wa manyoya ya ndege yaliyotandazwa. Hakuna kadi mbili zinazofanana.

“Mimi nachora nusu, baridi inachora nusu,” anasema. “Shida ni kwamba mwenzangu siku hizi haji kazini.”

Aliyeagiza kadi za Januari ni Yasuharu Fukushi, mzee wa miaka 74 anayetengeneza tofu, jibini laini la soya, mwisho wa kijiji. Mkewe, Mineko, alifariki Oktoba. Nyumba iliyofiwa haipeleki heri ya Mwaka Mpya kwa mtu, na desturi ni kuwaarifu watu mapema ili nao wasilete. Fukushi hakumwarifu mtu. Kadi za heri zikaja, zote zikiwa na jina la Mineko.

Alifika kwa Tomie na ndoo ya tofu mkononi.

“Marafiki zake sitini wamemtakia mwaka mwema,” alisema akiwa bado amesimama mlangoni. “Hawajui.”

“Pole sana, mzee.”

“Pole nimeshapewa. Nataka kadi.”

“Dukani ziko za kuchapishwa, na ni nafuu.”

“Huko ndiko nimetoka. Zina maua.” Aliiweka ndoo chini. “Nataka zile zako za sakitu. Mineko alikuwa anaziegemeza dirishani, anakaa anazitazama. Mimi sikuwahi kuelewa alikuwa anatazama nini.”

Nyumba iliyofiwa hujibu kwa kadi ya salamu za baridi. Kadi hiyo haina rangi nyekundu wala neno la pongezi, na hutumwa mapambo ya Mwaka Mpya yakishashushwa, lakini lazima ifike kabla ya siku ambayo kalenda inataja kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, mapema Februari. Ikichelewa hapo, si salamu tena. Ni uzembe.

Tomie alikubali, akakata karatasi sitini, akachora. Mvua ikanyesha juu ya theluji wiki nzima.

Wifi yake, Chiharu, anayeishi nyumba ya pili, alikuwa na suluhisho.

“Nyunyiza chumvi, wifi. Rangi inakimbia chumvi hivyo hivyo. Nani atajua?”

“Chumvi inatoa nyota. Sakitu inatoa manyoya.”

“Mzee Fukushi anajua nyota na manyoya?”

“Yeye hajui. Hao sitini wamepokea kadi zangu kutoka kwa Mineko miaka yote. Wao wanajua.”

Chumvi ikakataliwa. Tomie akajaribu friza ya muuza samaki, kwa kadi tatu za majaribio. Barafu ilikuja haraka mno, ikatoa vipele vidogo kama harara, na kadi zikanuka. Chiharu hajaacha kucheka. “Salamu za baridi kutoka kwa ngisi,” humwambia kila mgeni.

Ndipo utabiri wa hali ya hewa uliposema baridi kali itafika, ila itaishia mlimani. Juu ya kijiji kuna uwanja wa kutelezea theluji uliofungwa zamani, na kibanda chake cha tiketi bado kimesimama. Tomie aliamua kupanda. Seiichi alikuwa na zamu ghalani, na mgongo wake hautaki trei. Fukushi akajitokeza mwenyewe.

“Zinatakiwa zisitikisike hata kidogo, mzee,” Tomie alimwonya. “Rangi ikikusanyika upande mmoja, kwisha.”

“Maisha yangu yote nabeba trei za tofu ikiwa ndani ya maji. Wewe endesha gari.”

Kwenye kibanda ilikuwa nyuzi tisa chini ya sifuri, baridi ambayo Okuzawa haikuwa imeiona tangu mwaka uanze. Tomie alizilowesha kadi, Fukushi akazipanga juu ya mbao. Walisubiri. Jua likachomoza, na rangi ikabaki majimaji.

Kosa lilikuwa la Tomie, na analieleza bila kupamba. Wachoraji wa huko wanaochora nje wakati wa baridi hutia pombe kali kwenye kopo la maji ya brashi, ili maji yasigande kabla hawajamaliza. Mkono wake umezoea hivyo. Asubuhi ile ulitia pombe kwenye maji ambayo alitaka yagande.

Fukushi ndiye aliyelinusa kopo.

“Dada Tomie, humu kuna nini?”

“Maji.”

“Maji haya yamelewa.”

Tomie alikaa kwenye ngazi ya kibanda. Karatasi zilikuwa zimeshafutwa mara tatu. Kuzifuta tena kungezichana. Fukushi alijaribu kunyamaza kwa heshima, akashindwa, na akacheka mpaka kona ya tatu ya kuteremka.

“Umewalewesha marafiki wote wa Mineko,” alisema. “Hata mwalimu wa kaligrafia, ambaye hajawahi kuonja.”

“Cheka, mzee. Ukimaliza, niambie kama bado unazitaka.”

“Nimesema sizitaki?”

Zilikuwa zimebaki siku chache za Januari. Tomie aliomba ruhusa ghalani bila malipo. Msimamizi alimwambia matufaha hayasubiri, naye akajibu kwamba ameshavua aproni. Alikata karatasi mpya, akachora anga sitini na misonobari sitini upya. Seiichi alipika na kuosha vyombo, jambo ambalo Tomie anataka liandikwe gazetini.

Mara ya pili kulikuwa na upepo, na baridi ilikuwa kali zaidi. Safari hii pombe ilibaki nyumbani. Kopo la maji liliwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Tomie alipaka rangi haraka, akiwa na glavu zilizokatwa ncha, na kila trei iliyokamilika Fukushi aliipokea kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimelegea, akaenda nayo kama anayetembea juu ya mayai.

Kwenye trei ya kwanza, sindano nyembamba ya barafu ilitokeza pembeni mwa kadi. Ikazaa matawi. Matawi yakapanda juu ya buluu, yakakutana na mengine yaliyotoka upande wa pili.

“Ndiyo hii?” Fukushi aliuliza.

“Ndiyo hii.”

Mzee alichuchumaa.

“Mzee, trei inayofuata.”

“Ngoja kidogo.”

“Haingoji, mzee. Itagandia mkononi mwangu.”

“Na mimi nimesema ngoja, dada.”

Tomie alingoja, na kadi za trei aliyoishika ziliganda zikiwa zimeinamia upande mmoja. Hazikuwa hasara ya mwisho. Sakitu ikishachora, barafu lazima iyeyuke na kukauka papo hapo ilipo, taratibu. Ikitikiswa, mchoro wote unakuwa tope la buluu. Waliwasha jiko dogo la mafuta ya taa ndani ya kibanda na kukaa humo hadi adhuhuri, wakila viazi vitamu vya kuchoma. Ubao mmoja wa ukuta uling’oka kwa upepo, ukaangukia trei mbili.

Kadi arobaini na moja ziliteremka salama, juu ya mapaja ya Fukushi.

Tomie alitaka kupanda tena kwa ajili ya zile kumi na tisa. Utabiri ulisema mvua, hata mlimani.

“Basi, inatosha,” alisema Fukushi. “Hao kumi na tisa watakuwa wa hapa karibu. Nitawapelekea tofu.”

“Tofu si salamu za baridi, mzee.”

“Hujala yangu asubuhi ya Januari.”

Tomie hakukubali. Jioni ile alichora kadi kumi na tisa zisizo na sakitu, msonobari mmoja na karatasi nyeupe, na akasisitiza kwamba mzee amwambie kila mpokeaji kwa nini yake iko tofauti. Fukushi alizipeleka nyumba kwa nyumba, na tofu pia. Zile arobaini na moja ziliingia posta siku ya mwisho ya Januari na zikawahi.

Sasa Fukushi ameshaagiza nyingine. Mwaka ujao matanga yatakuwa yamekwisha, kwa hiyo zitakuwa kadi za heri, na kadi za heri hutakiwa posta kabla ya mwisho wa Desemba. Kwa miaka mitatu mfululizo, Desemba ya Okuzawa haijafika nyuzi saba chini ya sifuri. Tomie ameipokea oda hiyo.

Mwezi Machi ataingia kwenye kikao cha kijiji kuomba akodishiwe kibanda cha tiketi kwa majira yote ya baridi. Baadhi ya wajumbe wanataka kibomolewe msimu wa joto. Seiichi amemshauri asiweke matumaini makubwa, kisha akaenda kupima ukuta ule kwa ajili ya ubao mpya.

“Nitawaeleza ninachofanya pale,” anasema Tomie, huku akisuuza brashi kwenye sinki la jikoni. “Wakisema hapana, nitapanda juu zaidi. Mlima hauishii pale kwenye kibanda.”