Tangi Lililoacha Kula

Mtunza matangi alijua kwa pua yake kwamba mambo yamekwenda mrama kabla hata hajafungua geti. Kwa kawaida kituo cha kusafisha majitaka, alichokitumikia tangu ujana wake, kilinukia udongo mbichi. Ndiyo maana mkewe, aliyeviamuru viatu vyake vilale nje, aliviamuru kwa kicheko. Asubuhi hiyo harufu ilikuwa ya mayai viza. Povu la kahawia lilikuwa limetoweka juu ya tangi kubwa la hewa, na maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa na ukungu.

Kiwanda cha ngozi kilikuwa kimefungulia maji ya chumvi kwenye bomba la majitaka. Bakteria wanaokula uchafu ndani ya tangi walikuwa wamegoma. Kwa kuwahurumia, akidhani wamedhoofika kwa njaa, aliongeza majitaka. Ukungu ukazidi.

Meneja alipopiga simu, alitaka tangi lote limwagwe mtoni, kisha lijazwe tope jipya kutoka mji jirani. Hakuwa mtu mbaya; alitaka tu jambo liishe. Lakini kando ya mto huo kulikuwa na bustani za mboga, na wenye bustani waliteka maji yake kwa ndoo. Mtunza matangi aliomba muda hadi kesho adhuhuri, kisha akaenda maabara, chumba cha mwisho kwenye korido, alikofanya kazi mdogo wa mkewe.

Shemeji huyo alikuwa mtu wa mizaha hata jicho lake likiwa kwenye darubini. Alimuuliza kama amekuja kupimwa huzuni, kisha akampisha kiti.

"Tazama mwenyewe. Hawajafa, shemeji."

"Mbona hawali?"

"Nyumba yako ikishika moto, wewe utakaa mezani?"

Akamweleza polepole, kama mtu anayemenya chungwa. Kila bakteria ana uzi mrefu wa maelekezo, na vipande vya uzi huo ndivyo jeni. Jeni hazisomwi zote kwa pamoja. Kipo kimeng'enya kinachozinakili, nacho huhitaji protini ya kukiongoza, ili ikionyeshe pa kuanzia. Siku za amani, kiongozi hukipeleka kwenye jeni za kukua na kuzaana. Shida ikiingia, kiongozi mwingine hushika zamu: jeni nyingi za kukua hunyamaza, zile za uokoaji hunakiliwa kwa wingi, na bakteria huanza kutengeneza vitu vya kuzuia maji yasimtoke mwilini. Kazi hiyo humla nguvu nyingi.

"Nawe ukawarundikia sahani," alisema shemeji. "Mgonjwa wa homa hashindiliwi chakula. Punguza koki, waachie hewa, usubiri."

Alirudi akafunga njia ya mtoni, akaelekeza maji yaliyotoka tangini pamoja na sehemu kubwa ya majitaka kwenye bwawa la akiba, ambalo lingejaa kesho hiyohiyo adhuhuri. Pampu za hewa hakuzigusa. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Nyumbani aliketi, asiguse chakula. Mkewe alimtazama mara moja, akafunika chakula chake, akarudi kwenye kushona. Hakumuuliza kitu, wala hakumbembeleza ale. Sindano ilipita na kurudi kitambaani hadi mwanamume yule, pasipo kuambiwa, akanyoosha mkono akafunua sahani.

Asubuhi alisimama getini muda mrefu kuliko kawaida yake, akavuta pumzi. Uvundo ulikuwapo bado, ila chini yake palikuwa na harufu kidogo ya udongo. Povu jembamba lilikuwa limejikusanya kwenye kona ya tangi. Shemeji alikuja na glasi ya maji yaliyotoka upande wa pili, akaiinua kwenye mwanga. Vidole vyake vilionekana wazi ng'ambo ya maji.

"Wageni wako wameomba chakula," alisema. "Usiwashindilie."

Meneja alipopiga simu, alijibiwa kwa sentensi moja: tangi halimwagwi, wameanza kula. Kisha mtunza matangi akazungusha koki nusu duara, akaegemea bomba akisikiliza maji yakiingia, na hakuigusa nusu ya pili.