Shemeji yangu Elia ameletewa sale

Leo nimepeana mkono na mtu niliyetaka kumtukana.

Elia, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mwanariadha. Walikuwa pamoja Kongo, wanajeshi wa kulinda amani. Elia alivunjwa mguu kwa risasi. Mume wangu hakurudi.

Leo mtaani Themi, katika mbio zake za kwanza tangu apone, msimamizi aliona kovu mguuni, akamtoa mstari wa mbele.

"Kaka, nenda nyuma kwa wanaokimbia kujifurahisha."

Akaanzia nyuma. Akamaliza wa nne!

Msimamizi akachuma sale kwenye ua wa jirani, akamletea. Sisi Wachaga ukiletewa jani hilo, unasamehe.

"Yameisha, mzee," Elia akacheka. "Shemeji, nawe mpe mkono."

Nikampa. Mngekataa?

Ila mimi ninaowadai sale ni waliomuua mume wangu, na hao hawaji.