Mafuvu Kwanza, Kisha Migongo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mpiga picha. Watu wakisikia hivyo humwomba awapigie za harusi. Yeye hupiga eksirei za mbwa, katika kliniki ya wanyama ambako mimi nakaa mapokezi.

Ana kichwa kigumu, sifichi. Mjane mmoja, fundi cherehani, alileta mbwa wake mwenye mimba ya wiki tatu akitaka kujua watoto wangapi. Shemeji akakataa katakata.

"Mama, eksirei mapema hivi haifai. Mionzi inaweza kuwadhuru, na mifupa bado haionekani. Wiki ijayo tutamtazama kwa ultrasaundi, ile haina mionzi."

Wiki iliyofuata wakaona mioyo ikidunda. Mama wa watu akalia. Tangu mumewe afariki, nyumbani kwake amebaki yeye na huyo mbwa tu.

Siku ya hamsini na nane shemeji akapiga eksirei moja. Akahesabu mafuvu, kisha akahesabu migongo. Hata wanawe akiwatembeza huwahesabu vichwa, kisha migongo, na dada humwuliza kama anatarajia majibu tofauti. "Sita," akasema. Akaandika sita kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye simu ya yule mama.

Siku ya kuzaa, mama alipiga simu kushukuru: watano, wazima, mbwa ametulia ananyonyesha. Daktari akasema mafuvu hupishana kwenye picha, huenda moja lilihesabiwa mara mbili. Nami nikaona yameisha.

Shemeji akaninyang'anya simu.

"Mama, plasta inasemaje?"

"Sita."

"Basi mlete sasa hivi."

Ultrasaundi ikaonyesha moyo wa sita, ukidunda polepole. Mtoto alikuwa amekwama. Daktari akampasua mbwa, na mama akakaa mbele yangu akiniuliza kama atapona. Walipona wote wawili.

Nikamwuliza shemeji alijuaje.

"Zamani nilihesabu mafuvu tu, nikapata manne. Walipozaliwa wanne nikasema amemaliza. Wa tano akamuua mama yake."

"Mbwa wa nani?"

"Wetu. Dada yako mpaka leo anaamini alikula sumu."

Jioni nilipita kwao. Shemeji alikuwa mlangoni akiwahesabu watoto wakiingia, vichwa, kisha migongo. Dada akamcheka. Mimi sikucheka.