Chupa Mbili za Kusafishia Choo

Mama yangu alisafisha choo kwa ndimu na magadi, akasugua kwa kumbi la nazi, kisha akafagia maji kwa fagio la chelewa. Nyumba yetu ya Junda nimeikuta hivyo. Mimi ndiye niliyeona haya. Nilikuwa nikifanya usafi katika hoteli moja ya Nyali, na huko niliamini kisichonukia dawa si kisafi.

Mdogo wangu alipokaribia kuletewa posa, nilinunua dawa mbili kwa mchuuzi: ya kung'arisha na ya kukata ukoga. Zilitiwa katika chupa kuukuu za soda, hazina hata karatasi ya maelezo.

"Mwanangu," mama akaniambia, "kitu usichokijua jina usikiingize ndani."

"Mama, wageni waja kesho."

Akaingia jikoni.

Asubuhi nikamwaga ya kwanza, nikasugua. Ukoga ulibaki pembeni. Nikamwaga ya pili juu yake. Povu likapanda, likachemka kwa mlio mdogo kama mafuta ya moto. Mende wakatoka shimoni mmoja mmoja, wakatembea kilevilevi hadi kizingitini, wakapinduka. Macho yakaniwasha. Nikasema moyoni, dawa imefanya kazi. Nikafunga mlango ili iingie vizuri, nikaenda kuteka maji.

Choo kile hakikuwa na dirisha, ila matundu mawili juu ya ukuta.

Niliporudi na ndoo niliona kandambili za mama mlangoni. Alikuwa ameingia kutia udhu wa sala ya dhuha.

"Mama!"

Nilizoea aniitikie hata akiwa na ghadhabu. Nikasukuma mlango, ukagoma. Mwili wake ulikuwa umeuegemea. Mdogo wangu akaja tukasukuma pamoja, tukamvuta nje. Midomo ilikuwa ya rangi ya jivu.

Hospitalini daktari akauliza alivuta nini. Sikuweza kumtajia jina. "Dawa mbili pamoja," nikasema. Akamrudia mgonjwa.

Mama hakufa, alhamdulillahi. Lakini sauti ilikwenda. Yeye aliyewasomesha watoto wa mtaa Kurani, leo akifika aya ya tatu hukatika pumzi, akashika kifua. Posa iliahirishwa, ikaja baada ya wiki tatu, na shangazi yetu ndiye aliyewajibu wageni badala ya mama.

Hajanilaumu hata siku moja. Lakini nikiingia chooni kusafisha, yeye huleta kigoda akaketi mlangoni, akanitazama mikono.