Kimondo Kilichonitajisha Jina la Mama Mkwe

Mkisikia kuna mtu alinyimwa mke kwa sababu ya jiwe lililopita angani, msicheke kwanza. Mtu huyo ni mimi, Guyo.

Ilikuwa 1979. Mimi na beshte yangu Elmi tulitoka Bulla Pesa na kahawa na tumbaku za posa, tukaenda Ngaremara kwa kina Tiya, msichana niliyetaka kumuoa, kukamilisha posa.

Sasa, kwetu Waborana, mwanamume hatamki jina la mama mkwe. Hata umchome na moto. Ndiyo adabu.

Tulifika bomani kwao giza limeingia tu. Ghafla boma likawa mchana!

Kuangalia juu, naona moto wa kijani, mkali kuliko taa za lori, unapasua anga ukidondosha cheche. Vivuli vyetu vikazunguka chini kama vinatutoroka.

"Jeshi wanarusha mataa! Laleni!" mtu akapiga kelele.

Halafu ngurumo. Ngamia wakavunja ua wa miiba.

Mamake Tiya alikuwa amesimama mbele yao, chombo cha maziwa mkononi, macho juu, mdomo wazi.

"Mama!" nikaita.

Wanawake wote wakageuka. Yeye hapana.

"HABSA!" Jina lake likanitoka.

Akaruka. Ngamia wakapita palepale alipokuwa.

Nikashangilia. Peke yangu. Boma zima lilikuwa limesahau anga, linaniangalia mimi.

Asubuhi Mzee Jaldesa, babake Tiya, akaniweka mbele ya wazee.

"Jana ulipiga kelele. Ulisema nini?"

"Mzee, ngamia walikuwa..."

"Ngamia niliwaona. Ulisema neno gani?"

Nikilitaja tena, kosa la pili. Nikinyamaza, nimemdharau mzee.

Elmi akaninong'oneza, "Wewe kufa tu, Guyo. Ndiyo rahisi."

Tiya alikuwa mlangoni, shuka mdomoni, analia. Mamake angenitetea, lakini kwetu mama mkwe naye hakai mbele ya mkwe akazungumza.

Nikanyamaza.

Mzee akarudisha kahawa yetu kwa ncha ya fimbo. "Posa imekwisha. Sasa si mama mkwe wako. Haya, sema."

Nikageukia nyumba.

"Habsa."

Kutoka ndani ya nyumba, sauti ikaitika, polepole: "Naam, mwanangu."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Hata mzee. Lakini neno lake la kuvunja posa lilikuwa limetoka.

Ndugu zangu mnaoposa, heshimuni wakwe. Ila kabla hamjafungua kahawa, ulizeni: hatari ikija, mama mkwe nimwiteje?