Siku Niliyoinua Bandama Nikaiita Kongosho

Jamani, mimi ni mwalimu wa baiolojia, mwaka wa tisa sasa nafundisha sekondari hapa Makambako, na nawaambieni bila kujificha kwamba nilimwonyesha kila mtu ukumbini Njombe kitu nisichokijua, nikakiinua juu kabisa wakione vizuri.

Yote yalianzia buchani Lyamkena, kwa Kaka Shabani. Klabu yetu ya sayansi, wasichana sita wa kidato cha tatu, ilikuwa imepata nafasi ya kushindana Njombe, washindi waende Dodoma, na sisi tulikuwa hatujawahi kuvuka hapo Njombe, kwa hiyo nikaapa mwaka huo lazima. Mada yetu ilikuwa jinsi wanasayansi walivyogundua kimeng'enya kinachovunja mafuta tunayokula, nami sikutaka tuishie kwenye mabango, nilitaka jaribio lenyewe jukwaani: maziwa, magadi kidogo, matone ya dawa ya maabara inayoyafanya yawe ya waridi, kisha maji ya kongosho, mafuta yakivunjika yanatoa tindikali na ule uwaridi unapotea watu wakiona. Basi nikaomba kongosho la ng'ombe.

"Kongosho ndilo lipi, mwalimu?" Kaka Shabani akauliza, matumbo yote yako mezani.

Hapo ndipo ningepaswa kusema sijui. Miaka yote hiyo nimechora kongosho ubaoni kwa chaki ya njano, sijawahi kuliona (tulisomeshwa kwa picha, na sisi tunafundisha kwa picha), lakini nyuma yangu wamesimama wateja, wawili ni wazazi wa wanafunzi wangu, nikaona aibu, nikanyoosha kidole kwenye kitu kirefu, bapa, chekundu cha kuiva mpaka kinakaribia weusi.

"Hilo hapo."

Akanitazama kidogo. "Haya, wewe ndiye mwalimu," akanifungia.

Na kwa kuwa ile dawa ilibaki kidogo chupani, nikaamua tusiimalize kwa kujaribu. Tutajaribia hukohuko.

Jumamosi ukumbini, baridi ya Njombe mnaijua, majaji wamejikunyata makotini. Jesca, binti mpole kuliko wote klabuni, alisimulia vizuri mno: kwamba zamani watu walidhani kongosho ni mto tu wa kuegemea tumbo, mpaka Mfaransa mmoja wa karne ya kumi na tisa alipompasua sungura aliyekula mafuta, akaona vijishipa vya utumbo vimejaa weupe wa mafuta kuanzia pale tu maji ya kongosho yanapoingilia, juu ya hapo hakuna weupe wowote. Akashuku hayo maji. Akayachanganya na mafuta, na kweli mafuta yakavunjika. Makofi.

Nikarukia hapo. "Na kongosho lenyewe ndilo hili!" Nikaliinua, nikazunguka nalo mbele ya majaji wote, kisha nikamimina maji yake kwenye maziwa.

Maziwa yakawa tope. Tukasubiri. Nikamwambia Jesca arudie habari ya sungura, akarudia, kisha akarudia tena, mpaka jaji mkuu, mzee mmoja mwenye skafu, akauliza taratibu, "Mwalimu, huyo sungura hajafika tu?"

Ukumbi ukacheka. Nikasingizia baridi (ni kweli baridi huchelewesha vimeng'enya, lakini siyo hivyo), nikachukua jiko dogo la mkaa tulilolileta kwa ajili ya maji ya uvuguvugu, na kwa haraka zangu nikaweka chombo moja kwa moja juu ya moto. Damu ikaganda, maziwa yakafoka, yakamwagikia mkaa, moshi na harufu vikajaa, jaji mkuu akaziba pua kwa skafu.

Ndipo akasimama mama yake Jesca, aliyekuja kumtazama mwanawe, yeye huwauzia supu madereva wa malori pale njia panda ya Makambako.

"Samahani, mwalimu. Mimi sikusoma, lakini hiyo ni bandama. Naikata kila siku."

Walicheka mpaka wengine wakashika viti. Jesca hakucheka, alibaki ameshika bango lake, machozi yanamdondoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Tukawa wa mwisho.

Nje nikamfuata mama yake, nimejiandaa kutukanwa. "Kamwene, mama," nikamsalimia kwa Kibena. "Kongosho likoje?"

"Limepauka, lina vinundunundu kama mafuta, limeshikana na utumbo pale unapoanzia. Sisi huwatupia mbwa. Si ungeniuliza tu, mwalimu? Ningekuletea."

"Basi nifundishe."

"Jumatatu alfajiri, machinjioni. Vaa gambuti."

Kabla ya kwenda niliwaita wasichana wangu sita, nikawaambia wazi kwamba nilijifanya najua. Jesca akauliza, "Madam, na sisi tunaweza kuja?" Wakaja wote na gambuti za baba zao. Mama Jesca akatuonyesha, akatukatia, tukarudi naye shuleni, tukaliponda na maji baridi, tukachuja kwa kitambaa, tukaweka bilauri ya maziwa na magadi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, tukamalizia yale matone ya mwisho ya dawa, kisha tukamimina maji ya kongosho. Tukakodoa macho. Uwaridi ukapauka, ukapauka, ukaisha.

"Madam, meupe!" Jesca alipiga kelele mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini.

Mama Jesca akainama, akaiangalia ile bilauri kwa makini. "Na huyo Mfaransa wenu, yeye kongosho alionyeshwa na nani?"

"Sijui, mama," nikasema, na wala sikufa.

Tumeshajiandikisha tena mwaka huu, na tunaenda kushinda. Ila nimeapa: nisichokijua nitasema sikijui, kwa sauti, kabla mzazi hajalazimika kusimama.